Milango ya Ghala la Baruti: Nini Kiliziua Manowari za Jutland?

Mabibi na mabwana, nianze na saa. Mei 31, 1916, Bahari ya Kaskazini, nje ya pwani ya Denmark: Waingereza na Wajerumani wanapigana vita vya Jutland. Saa kumi na dakika mbili alasiri, manowari ya Kiingereza Indefatigable inalipuka. Watu 1,017 wamekwenda nayo. Nusu saa haijatimia, Queen Mary nayo: 1,266. Jioni, saa kumi na mbili unusu hivi, Invincible inakatika vipande viwili, na katika watu zaidi ya elfu moja wanaokolewa sita. Admirali Beatty, mkuu wa manowari hizo za Kiingereza, aliyekuwa ndani ya manowari Lion, alimgeukia nahodha wake akasema meli zetu leo zina kasoro.

Kasoro gani?

Jawabu la kwanza lilipatikana upesi, nalo liliwapendeza wakubwa: mabamba ya chuma ni membamba. Ni kweli, meli za aina ile zilipunguziwa chuma ili ziende mbio. Lakini tazameni uzuri wa jawabu hilo: halimgusi hata mmoja aliyekuwa vitani. Anayebaki na lawama ni msanifu wa meli. Na msanifu mkuu, Tennyson d'Eyncourt, aliikataa. Akashikilia kwamba watazame baruti, na jinsi inavyoshikwa.

Basi tushuke ndani ya mnara wa mizinga. Juu kuna mizinga, katikati lifti ya kupandishia, na chini kabisa ghala. Baruti imefungwa katika mifuko ya hariri. Hariri tu, si chuma. Mwishoni mwa kila mfuko mna baruti nyeusi ya kuwashia, ambayo cheche moja inaitosha. Ili mizinga isikae bure, mabaharia walirundika mifuko nje ya ghala na kuiacha milango wazi. Msiwaite wazembe vijana wale. Kilichosifiwa katika jeshi lao ni kupiga haraka. Nani afunge mlango, na juu wanamhimiza alete?

Wajerumani walikuwa wameshaungua. Januari 24, 1915, kwenye mapigano ya Dogger Bank, kombora moja liliteketeza minara miwili ya nyuma ya manowari yao Seydlitz pamoja na watu 159, na meli ikapona kwa sababu baharia Wilhelm Heidkamp aliwahi kufungulia maji ghalani. Wakabadili utaratibu. Tena sehemu ya baruti yao ilikaa ndani ya kopo la shaba. Kule Jutland, manowari yao Derfflinger iliunguliwa minara miwili vilevile, ikarudi bandarini. Mimi hapo ndipo niliposhawishika.

Ila shahidi wangu mkubwa ni Lion yenyewe. Kabla ya siku ile ya Jutland, mkuu wake wa mizinga, Alexander Grant, alikuwa amekaza amri: mifuko itoke michache, na mizinga ikinyamaza mlango ufungwe. Kombora likaupiga mnara wa katikati. Meja Francis Harvey, naye yu katika kufa, akaagiza ghala lifungwe na kujazwa maji. Baada ya kitambo mifuko iliyobaki mnarani ikashika, moto ukashuka lifti nzima ukiua waliokuwamo. Walipofika kukagua, kuta za ghala zilikuwa zimebonyea, na baruti iliyokuwa nyuma yake imelowa chepechepe.