Mkanda Gani kwa Chumba cha Giza?

NEEMA: Karibuni tena. Leo ni zamu ya wanaosafisha picha wenyewe. Swali ni hili: mkanda gani wa rangi ununue kama picha utaichapa kwa enlaja, ile taa inayokuza picha kwenye karatasi, bila skana wala kompyuta? Kaka Shabani, najua una msimamo.

SHABANI: Ninao, dada. Anza na karatasi, mkanda ufuate. Ukichapa nyeusi na nyeupe una filta za gredi, zinazobadili ukali, yaani tofauti kati ya weusi na weupe: picha imepooza, unapandisha, imekuwa kali, unashusha. Karatasi ya rangi, hii inayosafishwa kwa dawa za RA-4, haikupi nafasi hiyo. Filta za njano na majenta kwenye kichwa cha enlaja zinarekebisha rangi tu. Ukali wa picha umeshaamuliwa siku ulipopakia mkanda kwenye kamera.

NEEMA: Yaani mkanda ndio gredi yenyewe.

SHABANI: Ndiyo. Kwa hiyo utazame kwanza mwanga unaokwenda kupigia. Bwana harusi kavaa kanzu nyeupe, yuko nje, saa sita mchana. Mpige kwa Ektar 100, mkanda mkali wa Kodak: kanzu inatoka weupe mtupu, darizi ya shingoni huioni, na macho yamezama kivulini. Portra 160 au 400, nayo ya Kodak, ni laini zaidi, inavibeba vyote viwili, kanzu na macho.

NEEMA: Mimi Ektar inanisumbua zaidi kwenye nyuso. Ngozi inavuta wekundu, na ukiuondoa kwa filta, ukuta wa nyuma unageuka samawati.

SHABANI: Hapo sikupingi. Lakini siku ya mawingu, unapiga mashua, milango, vitambaa sokoni, niachie Ektar yangu! Chembe zake, vile vidoadoa vinavyojenga picha, ni ndogo mno, unaweza kukuza picha sana na bado ikasimama.

NEEMA: Na hii mikanda ya sinema ya Kodak, Vision3? Vijana wanaipenda.

SHABANI: Mkanda mzuri sana, ila kwa kazi yake. Ulibuniwa uchapwe kwenye filamu ya maonyesho, Kodak 2383, ambayo ni kali mno. Kwa hiyo negativu yake, yaani mkanda ukishasafishwa, imepozwa makusudi. Ipeleke kwenye RA-4, weusi unakuwa kijivu. Kwenye skana unavuta ukali kidogo, yameisha. Kwenye karatasi huna pa kuvuta.

NEEMA: Wengine wanaisafisha kwa C-41, dawa ya mikanda ya rangi ya kawaida, ili ukali upande.

SHABANI: Unapanda, lakini rangi zinaweza kupishana. Vivuli vinaelemea kijani, sehemu angavu zinaelemea waridi, na ukitibu upande mmoja umeharibu wa pili. Tena Vision3 nyingi, hasa za zamani, zina tabaka la kaboni nyeusi mgongoni. Likiingia kwenye mashine ya studio, linachafua dawa na mikanda ya watu wengine.

NEEMA: Harman Phoenix 200, ile iliyotoka Desemba 2023? Negativu yake haina ule uchungwa, ile rangi ya chungwa tuliyoizoea.

SHABANI: Na uchungwa ule una kazi. Rangi za majenta na sayani ndani ya negativu si safi, zinameza mwanga usiozihusu, na maski ya chungwa inalisawazisha kosa hilo. Karatasi imetengenezwa ikiitegemea. Isipokuwepo, unaongeza njano na majenta mpaka kichwa cha enlaja kinafika mwisho.

NEEMA: Kwenye droo ya filta mimi huweka kipande cha mkanda wa kawaida, kilichosafishwa bila kupigiwa picha. Kinasaidia.

SHABANI: Kinasaidia upande wa rangi, ukali unabaki palepale, na Phoenix ni kali. Anayejifunza kuchapa asianze nayo.

NEEMA: Mimi Portra 400 naipimia mwanga kama 200, yaani naipa mwanga mara mbili.

SHABANI: Vizuri sana, vivuli vinahitaji mwanga huo. Inua negativu dirishani, tazama chini ya ukingo wa kofia ya mtu. Pakiwa patupu sawa na ule mwanya kati ya picha na picha, hapana kitu pale, hata uchape usiku kucha.

NEEMA: Na aliyebanwa na mfuko?

SHABANI: Gold 200 ya Kodak. Rangi zake zina joto kidogo, filta inalimudu hilo. Anunue huohuo kila mara, na namba za filta aziandike daftarini. Mkanda ukiwa uleule na karatasi ileile, picha inayofuata anaanzia karibu kabisa na namba alizoziacha.