Jeli Inayotii Mwanga: Njia ya Kuondoa Viyeyushi Vyenye Sumu Majini

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, ndugu wanafunzi, asanteni kwa kufika.

Tarehe 13 Novemba 2005 kiwanda cha kemikali kililipuka Jilin, kaskazini-mashariki mwa China. Takriban tani 100 za benzeni, nitrobenzeni na jamaa zao zikaingia mto Songhua. Harbin, jiji la mamilioni ya watu, lilikuwa likinywa maji ya mto huohuo, na kwa siku nne mabomba yakafungwa. Mitambo ya maji ikaokolewa na mkaa maalumu wenye vitundu vidogo mno vya kunasa kemikali. Nauheshimu mkaa huo. Lakini ukishashiba, sumu imehama tu kutoka majini ikaingia kwenye mkaa. Je, tunaweza kuinasa sumu kisha tukaiachia pale tunapotaka wenyewe?

Jeli si ngeni kwetu. Mwani unaolimwa Unguja na Pemba hutolewa karajini, na karajini hugandisha maji. Jeli ninayoizungumzia leo hufanya kinyume: hugandisha benzeni, toluini au dizeli, maji ikayaacha kama yalivyo. Mwaka 2001 Santanu Bhattacharya na Yamuna Krishnan-Ghosh, kule Bangalore, India, walionyesha kuwa molekuli ndogo iliyoundwa kwa alanini, mojawapo ya vijenzi vya protini, na asidi ya mafuta yaweza kufanya kazi hiyo. Molekuli hizi hushikana kwa nguvu hafifu, zikajipanga na kuwa nyuzi. Nyuzi zikasukana, na kiyeyushi, yaani kimiminika kama benzeni kinachoyeyusha vitu vingine, kikabaki kimenaswa humo. Mara nyingi zaidi ya asilimia 95 ya uzito wa jeli ni kiyeyushi chenyewe, yaani molekuli chache hubeba sumu nyingi.

Sasa mwanga. Azobenzeni ni molekuli yenye pete mbili za kaboni zilizounganishwa na atomu mbili za naitrojeni. Kwa kawaida imenyooka na ni bapa, kwa hiyo hupangika vizuri. Imulike kwa urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, wa nanomita 365 hivi, nayo hupinda: ncha zilizoachana kwa nanomita 0.9 husogeleana hadi 0.55. Mwanga wa buluu, au joto, huinyoosha tena. G. S. Hartley alilitambua umbo hilo lililopinda mwaka 1937. Mwaka 1994 kundi la Seiji Shinkai nchini Japani likaunganisha azobenzeni na kolesteroli, wakapata jeli inayolegea ikimulikwa na kuganda tena.

Hilo lina thamani kubwa kwa mtu anayefanya kazi na benzeni. Benzeni huchemka kwa nyuzi joto 80 za Selsiasi, mvuke wake hushika moto upesi, na husababisha saratani ya damu. Kuyeyusha jeli yake kwa moto ni kumweka mfanyakazi hatarini. Mwanga huilegeza bila kuichemsha, ikapigwa pampu hadi kwenye tangi.

Bado kuna kazi ngumu. Kwanza, jeli ikishalegea, molekuli zetu zimo ndani ya kiyeyushi, na kuzitenga ni hatua nyingine. Pili, azobenzeni yenyewe hufyonza urujuanimno, kwa hiyo tabaka la juu hulegea huku la chini likibaki gizani. La tatu ndilo linalonikosesha usingizi: jeli hukusanya kile kilichojitenga na maji tu. Lita moja ya maji huyeyusha karibu gramu 1.8 za benzeni, ilhali kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01. Hiyo ni mara 180,000! Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba jeli itauondoa mkaa kazini. Jeli itangulie kuchukua mzigo mkubwa, mkaa ufuate na masalia.

Ndiyo maana ningeanzia kwenye mfereji wa majitaka wa kiwanda, wala si mtoni. Pale kiyeyushi kinajulikana, tabaka laweza kufanywa jembamba, na taa zinafungwa juu yake. Na taa hizo si lazima ziwe za urujuanimno: kundi la Stefan Hecht mjini Berlin lilionyesha mwaka 2012 kuwa azobenzeni iliyotiwa florini hupinda kwa mwanga wa kijani, ambao yenyewe huufyonza kidogo, hivyo hupenya mbali zaidi. Kuiingiza azobenzeni ya aina hiyo kwenye molekuli inayogandisha benzeni peke yake ndiyo kazi ninayotamani kuiona maabara zetu zikiifanya.