Kuimarisha Bloku ya Alumini ya 1NZ Kabla ya Kufunga Tabo

Mwangaluka wadau, karibuni. Leo mezani nina bloku, yaani mwili wenye silinda, ya injini ya Toyota iitwayo 1NZ-FE. Ukisimama Buzuruga hapa Mwanza dakika chache tu utaisikia ikipita kwenye IST, Fielder na Probox. Watu wanataka kuifunga tabo, ile pampu inayoisukumia injini hewa zaidi, na wana sababu. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapa ni kama kilopaskali 88, wakati Dar es Salaam ni 101. Injini isiyo na tabo imeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kabla hata hujaanza kupanda Bugando.

Lakini kwanza tuiandae bloku. Tazama hapa juu. Silinda nne zimeungana zenyewe kwa zenyewe, ila pembeni kumezungukwa na maji matupu. Ni kama vikombe vinne vilivyogandishwa kwenye sakafu ya beseni: chini vimeshikwa, juu viko huru. Tabo ikiongeza mlipuko, pistoni inaukandamiza ukuta wa silinda upande mmoja, na huku juu unacheza. Ukicheza, gasketi inayoziba kati ya bloku na hedi (kifuniko cha juu cha injini) inakosa pa kushika, gesi inaingia kwenye maji, rejeta inatapika, gari linachemsha. Ukiendelea kulikanyaga, ganda la chuma lililo ndani ya silinda linapata ufa.

Tunachofanya ni kutengeneza fremu ya alumini inayokaa kwenye mfereji wa maji, ili ule mdomo wa juu wa silinda ushikwe na ukuta wa nje wa bloku. Tumia bamba la alumini ngumu aina ya 6061, unene milimita 10. Usitumie chuma. Alumini ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo fremu ya chuma italegea injini ikichemka, yaani wakati ule ule unaoihitaji.

Bloku iwe tupu na imeoshwa. Laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake, pande zote na kwa mshazari, upitishe fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Ya milimita 0.05 ikipita, peleka ikasawazishwe kwanza. Kisha pima kila silinda kwa geji, juu, katikati na chini, uandike. Kipenyo cha kiwandani ni milimita 75. Karatasi hiyo itunze, tutaihitaji.

Sasa laza karatasi ngumu juu ya bloku, isugue kwa kidole chenye grisi mpaka umbo la mfereji litokee, ukate kwa wembe. Hiyo ndiyo ramani ya kumpa fundi mchongaji. Karakana za Nyakato wanaweza kukuchongea. Mwambie aache nyama kidogo pembeni, umalizie mwenyewe kwa tupa.

Hapa ndipo penye kazi, usiwe na haraka. Fremu isikumbatie silinda kuzunguka yote. Iguse upande wa hewa inayoingia na upande wa egzozi, maana huko ndiko pistoni inakosukuma, kwa pedi yenye upana wa vidole viwili hivi. Kwingine kote acha nafasi maji yapite. Halafu laza gasketi mpya juu yake, weka alama kila tundu la maji, utoboe fremu papo hapo. Tundu moja ukiliziba, silinda hiyo itapata joto kuliko wenzake, na injini itaanza kunoki hapo, yaani mafuta kulipuka ovyo na kugonga.

Chini ya fremu funga vijiti vinne vya alumini viwe miguu inayosimama kwenye sakafu ya mfereji. Uso wa juu uwe chini kidogo ya uso wa bloku, kiasi cha milimita 0.1. Hivyo miguu inaizuia isizame, na gasketi na silinda hedi vinaizuia isipande. Usichomelee. Joto la kuchomelea linapinda silinda.

Kuhusu mkazo: piga tupa, jaribu, toa, piga tena. Ikifika mahali inagoma kwa mkono lakini inaonyesha kutaka, inatosha. Iweke kwenye friza usiku kucha, bloku iache juani mpaka ipate joto. Vaa glovu, iteremshe kwa nyundo ya mpira, taratibu, kulia kidogo, kushoto kidogo. Subiri vyote vifikie joto moja.

Chukua ile karatasi, upime silinda upya. Nikikuta sehemu imebana kuzidi milimita 0.02, fremu naitoa narudi kwenye tupa. Fremu kazi yake ni kuegemewa. Ikianza kusukuma silinda, umeharibu bloku nzima.

Baada ya hapo bloku irudi karakana ihoniwe, yaani silinda zisuguliwe ndani kwa mawe ya kunolea, huku bamba nene la chuma likiwa limefungwa juu yake kwa bolti zilizokazwa kama hedi. Silinda hubadilika umbo kidogo bolti zikikazwa, kwa hiyo ihoniwe ikiwa katika umbo itakalofanyia kazi. Hatua hii wengi wanairuka kwa kubana pesa, kisha injini inakula oili.

Wapo wanaomimina zege maalumu kwenye mfereji wa maji. Hiyo ni ya mashindano ya mwendo mfupi. Gari la kwenda Shinyanga saa saba mchana linahitaji maji yake.

Wakati wa kufunga, tumia gasketi mpya na bolti mpya za hedi, ukaze kwa mpangilio na nyuzi za kitabu cha injini. Maji ya ziwani au ya kisima usiweke. Weka kulanti pamoja na maji yaliyochujwa madini. Kwa mwinuko wetu maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kofia nzima ya rejeta inayoshika presha ya baa 1.1 hivi inasogeza hapo hadi karibu 120, basi kofia iliyochoka itupe.

Kuhusu presha ya tabo, mgandamizo wa injini hii ni 10.5 kwa 1, tayari ni mkubwa, na konrodi zake, mikono inayounga pistoni na kranki, ni nyembamba. Fremu haiimarishi konrodi. Kwa pistoni na konrodi za kiwandani sivuki baa 0.4, na hapo ni baada ya programu ya mafuta na moto kurekebishwa.

Washa bila tabo kufanya kazi, toa hewa yote kwenye maji, iache ipate joto mpaka feni izunguke, zima, ipoe kabisa. Kesho yake fungua kofia ya rejeta kabla hujawasha. Presha ikikupulizia kwenye injini iliyolala baridi, gesi inapita: hedi ifunguliwe tena kabla hujaendesha. Ikiwa kimya na maji yako palepale, nenda nayo mpaka Kisesa na kurudi, mguu mwepesi, macho kwenye geji ya joto.