Kujua Umbali wa Shabaha Bila Kujitangaza

SALIM: Kwenye mchezo wa nyambizi, meli ya adui imesikika, topido ziko tayari, lakini iko umbali gani? Hapo ndipo mchezaji mgeni anapowashwa na kidole kupiga mlio wa sona, chombo cha kutafuta kwa sauti majini.

REHEMA: Akipiga, kajitangaza. Wewe unasubiri mlio uende na kurudi, adui unamfikia kwa safari moja tu. Anakusikia hata akiwa mbali kiasi kwamba mwangwi wake huupati.

SALIM: Ila sona ya kusikiliza inatoa pembe tupu, yaani upande meli iliko, si umbali. Meli ya karibu inayojikokota na ya mbali inayokimbia zinaweza kusogeza pembe sawasawa.

REHEMA: Ndiyo maana lazima ugeuke. Tuseme shabaha iko digrii 040 kutoka kaskazini. Elekea 130, uwe unakatiza mbele yake, kwa noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa. Baada ya dakika 4 pembe ni 042: nusu digrii kwa dakika, kwenda kulia. Geuza kabisa, shika 310, noti zilezile. Ukishanyooka pembe iko 046. Hesabu dakika 4 nyingine: 054. Hizo ni digrii 2 kwa dakika.

SALIM: Na zile pembe za wakati wa kugeuka?

REHEMA: Zitupe. Kama unakokota sona ya kamba, ile ndefu inayoburutwa nyuma ya nyambizi, subiri pia kamba inyooke. Ikiwa imepinda inakudanganya. Sasa, ulikwenda kulia 5, kushoto 5, tofauti 10. Pembe: 2 toa 0.5, tunabaki na 1.5. Gawa 10 kwa 1.5, zidisha kwa 0.955, namba ya kubadili vipimo kuwa maili. Maili 6.4 za baharini, karibu kilomita 12. Hiyo ni kanuni ya Ekelund.

SALIM: Wengi hiyo 0.955 hawahangaiki nayo.

REHEMA: Na wala hawakosi sana. Balaa liko kwenye kusoma pembe. Kosea digrii 1 tu pale kwenye 054, jibu linakuwa maili 5.5 au 7.6. Dakika 8 badala ya 4 zinapunguza kosa hilo kwa nusu.

SALIM: Ila ukingoja sana naye akageuka, umeharibikiwa. Hesabu nzima inategemea yeye ashike njia moja, mwendo mmoja.

REHEMA: Kweli. Msafara unaokwenda zigizaga ni mtihani. Halafu angalia alama: pembe ikienda kulia mara ya kwanza na kushoto mara ya pili, unajumlisha, hutoi.

SALIM: Periskopu, lile bomba la kuchungulia juu ya maji, je?

REHEMA: Ya karibu, sekunde chache, bahari isiwe shwari mno, maana povu la periskopu linaonekana. Mlingoti wa mita 30 ukionekana kwa urefu wa digrii 1 kwenye periskopu, meli iko mita 1,700. Lakini ukiitambua meli vibaya, mlingoti ukawa wa mita 20, kumbe ilikuwa mita 1,150.

SALIM: Kwa hiyo kitabu cha kutambulia meli kwanza, kipimo baadaye.

REHEMA: Na periskopu chini unapokifungua.