Mkungu Umefika, Mama Yuko Marangu

Shikamooni wazee, na habari za jioni wengine wote. Moshi leo kuna kibaridi, nitajitahidi msisinzie.

Nianzie stendi. Mama ameshuka kutoka Marangu na mkungu wa ndizi. Kaufunga kwenye kiroba, kaandika namba ya mwanawe kwa maka peni, kamkabidhi konda wa basi la Dar, karudi zake mlimani. Kesho yake mtoto anakula mtori Mbagala. Mama mwenyewe hajatia mguu Dar!

Mwilini nako yuko mama wa namna hiyo: seli shina, seli zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine. Miaka mingi ilidhaniwa kwamba zikidungwa mwilini zinakwenda palipoharibika, zinakaa, zinageuka nyama mpya. Watafiti walipozifuatilia kwa wanyama, nyingi ya zilizopitia mshipani zilikuwa zimenasa mapafuni, na baada ya siku chache hazionekani. Na kiungo kinapata nafuu vilevile. Kama mama hakufika, basi kuna mzigo aliotuma. Ndipo wakautafuta mkungu.

Mkungu ni vifuko ambavyo seli huvitoa, eksosomu, vya nanomita 30 hadi 150 hivi. Unywele wangu mmoja, katika hizi chache zilizobaki, unakishinda kimoja unene mara mamia. Vilielezwa mwaka 1983 kwenye seli changa nyekundu za damu, vikadhaniwa ni taka zinazotupwa. Taka! Mwaka 2007 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, wakaonyesha vimebeba RNA, yaani maagizo, na seli inayopokea inayafanyia kazi. Mwaka 2010 wenzao wa Singapore wakawapa panya vifuko peke yake, bila seli, na sehemu ya moyo iliyokufa ikawa ndogo.

Kidonda cha mguu cha mwenye kisukari mmekiona: miezi inapita, hakifungi. Sababu mojawapo, askari wa kinga hawaachi vita. Katika majaribio ya wanyama, vifuko huwaelekeza wasafishe na kujenga, na vimishipa vya damu vinachipua.

Dada hapa mbele anauliza vinauzwa wapi. Pole pole! Mkungu wa Kibosho si wa Rombo: seli zikibadilika, au zinavyokuzwa, mzigo nao unabadilika. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa wa Nebraska kudhurika na bidhaa za eksosomu zisizoidhinishwa.

Babu wa pale nyuma, hicho kidole chenye kidonda ulichonionyesha mlangoni hakisubiri Singapore. Kesho asubuhi kliniki, mjukuu akusindikize.