Pointi tatu za Teklehaimanot

SHABANI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Tuko Ngamiani, Tanga, na kengele za baiskeli mnazozisikia nje hatuwezi kuzizima.

MWANAHAWA: Na tusizizime. Leo ni Daniel Teklehaimanot, mwendesha baiskeli wa Eritrea, ambaye mashindano keshayaacha. Kaka Shabani, juzi uliniambia ile jezi yake ya madoa mekundu ilikuwa bahati tu.

SHABANI: Nilisema, na leo narudia. Jezi ya mfalme wa milima, anayoivaa mwenye pointi nyingi za kupanda, mtu anaipatia pwani?

MWANAHAWA: Haya, nisikilize. Ni tarehe 9 Julai 2015, siku ya sita ya Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, Abbeville hadi Le Havre, kilomita 191 na nusu, sehemu kubwa kandokando ya bahari. Njiani vilima vitatu, vyote vya daraja la chini kabisa. Kila kilima pointi moja, na anaipata anayefika juu wa kwanza, basi. Wewe ungefanyaje?

SHABANI: Ningejikalia zangu ndani ya kundi, nisubiri milima yenyewe.

MWANAHAWA: Wengi ndivyo walivyofanya. Yeye akachomoka mapema na wenzake wawili, Perrig Quéméneur na Kenneth Vanbilsen. Dieppe, akachukua. Pourville, akachukua. Tilleul, akachukua tena. Jioni anavishwa jezi, Mwafrika mweusi wa kwanza kuivaa.

SHABANI: Pointi tatu, dada.

MWANAHAWA: Tatu, ndiyo. Umeshaendesha kwenda Raskazone wakati wa kusi?

SHABANI: Wee! Unakanyaga mpaka mapaja yanawaka, na baiskeli kama mtu kaishika nyuma.

MWANAHAWA: Na ukijibanza nyuma ya mwenzio?

SHABANI: Inakuwa nyepesi papo hapo. Utotoni tulikuwa tunajificha nyuma ya mzee mmoja mwenye magunia ya nazi. Upepo wote wake, sisi tunateleza tu.

MWANAHAWA: Basi kundi kubwa ndiyo mzee wako wa nazi huyo. Ukitoka, upepo ni wako. Wale watatu wakawa wanapokezana mbele, kila mtu na zamu yake, maana mmoja akitegea wanakamatwa wote. Sasa fikiria, unamsaidia mtu siku nzima, na huyo huyo unataka kumpiku kileleni! Inataka hesabu hiyo, kaka. Ukitumia nguvu zote Dieppe, Tilleul utaisikia kwa jina.

SHABANI: Hapo kidogo umenigusa.

MWANAHAWA: Na mwezi mmoja nyuma alishashinda jezi ya milima ya Critérium du Dauphiné, mashindano ya Ufaransa yenye milima hasa. Mwaka 2016 akarudi akaichukua tena. Bahati gani inayorudi mwaka wa pili?

SHABANI: Alianzia wapi lakini?

MWANAHAWA: Debarwa, kusini ya Asmara. Kule Waitaliano walileta mashindano ya baiskeli wakati wa ukoloni, wenyeji wakayafanya yao. Mwaka 2010 akashinda Tour ya Rwanda. Mwaka 2012 akawa Mweritrea wa kwanza kushiriki Vuelta ya Hispania, wiki tatu, akafika hadi Madrid. Le Havre alifika akiwa na MTN-Qhubeka, timu ya kwanza ya kulipwa iliyosajiliwa Afrika kuingia Tour de France.

SHABANI: Jezi yenyewe alikaa nayo siku ngapi?

MWANAHAWA: Siku nne za mashindano. Tarehe 14 Julai wakapanda Pyrenees, ikaenda kwa Chris Froome.

SHABANI: Froome si mzaliwa wa Nairobi?

MWANAHAWA: Ndiye huyo huyo!

SHABANI: Basi jezi ilikuwa inazungukazunguka huku kwetu. Haya dada, la bahati nalifuta.

MWANAHAWA: Nashukuru. Mwanangu nimemchorea madoa kwa wino mwekundu kwenye fulana yake nyeupe ya zamani. Upande mmoja wino umechuruzika, lakini hataki kuivua. Kesho asubuhi atakuwa Barabara ya Ishirini na kibaiskeli chake. Mkimwona, mpigieni kengele.