Kinundu Kwenye Doa la Mtoto Mchanga
(Mhadhara kwa wakunga na wazazi, Mbeya)

Wakunga wenzangu, na kina mama mliobeba watoto, ndaga kwa kuja na baridi hii ya mwezi wa saba. Naona watoto wamefungwa kanga, sweta, na blanketi juu. Ndiyo maana huku kwetu doa la mgongoni hukaa siku nyingi bila kuonwa na mtu, ila bibi anayemwogesha mtoto. Bibi akisema kuna kitu, msikilizeni.

Nianze na jepesi. Yale mabaka ya bluu-kijivu ya kiunoni na matakoni, ambayo watoto wetu wengi huzaliwa nayo, si ugonjwa; hufifia yenyewe miaka ya utotoni. Yaandikeni tu kwenye kadi, asije mtu akadhani mtoto kapigwa.

Doa jeusi ni habari nyingine. Mtoto kama 1 kati ya 100 huzaliwa nalo, na kwa kawaida ni dogo. Mara chache sana huwa kubwa mno, limefunika mgongo mzima kama kizibao, lina nywele. Ndani ya doa kubwa la namna hiyo mtoto anaweza kuzaliwa na vinundu, au vikachipuka wiki za mwanzo. Hapo nyumba nzima hulia, maana kinundu cheusi kinachokua ndiyo sura ya melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, tuliyofundishwa darasani. Kwa mtoto mchanga, mara nyingi siyo.

Kinundu salama aghalabu hakiko peke yake, ni laini ukikibonyeza, hukua kidogo kisha kikatulia, na vingine hunywea. Saratani huelekea kuwa kinundu kimoja, kigumu, kisichoacha kukua, kinachotoa damu. Lakini hata kinundu salama huweza kuchubuka, kwa hiyo kidonda peke yake hakitoshi kuhukumu.

Basi pimeni. Chukua rula ya mwanafunzi, iweke kando ya kinundu, piga picha kwa simu, andika tarehe. Macho hayaaminiki: mama aliyekesha ataona kimeongezeka, baba aliyelala ataona kiko vilevile. Wala msikichome, msichanje chale. Ukikichoma umeharibu kile ambacho maabara ingekisoma.

Kikiendelea kukua, msingoje. Mpelekeni hospitali ya rufaa, daktari akate kinyama kidogo cha kupima maabara. Na hapa niseme kosa langu mwenyewe. Niliwahi kujaza fomu, nikaandika "uvimbe mweusi mgongoni", basi. Umri sikuandika, doa sikulitaja. Majibu yakarudi yakitaja saratani. Yule mama alikaa siku tatu kama mfiwa kabla sijashtuka na kuipigia maabara simu: mtoto ana wiki tatu, na uvimbe uko ndani ya doa kubwa la kuzaliwa. Kukawa kimya. Kisha: "Ngoja niangalie upya." Kilikuwa kinundu salama.

Aliyesoma hakuwa mzembe. Chini ya hadubini vitu hivi viwili hufanana kweli. Anachotafuta ni mpaka: seli za kinundu salama huyeyukia kwenye seli za doa kama ukungu wa Rungwe unavyoingia shambani, huoni ulipoanzia. Melanoma mara nyingi hukaa kama kiraka kilichoshonewa. Ndiyo maana kinyama kikatwe pamoja na kipande cha doa la pembeni. Wakisita bado, zipo maabara zinazohesabu kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli: kinundu salama huweza kuzidi au kupungukiwa kromosomu nzima nzima, ilhali melanoma huwa na vipande vya kromosomu vilivyoongezeka au kupotea.

Doa kubwa lenyewe lifuatiliwe miaka yote, kwa sababu hatari ya saratani ipo kweli, ingawa wengi haiwapati. Na mtoto huyo akipata degedege, au kichwa kikikua kupita kiasi, apelekwe siku hiyohiyo. Seli za rangi huweza kuwemo hata kwenye ubongo.

Haya, nani ana mtoto mwenye doa? Njoo naye hapa dirishani penye jua, tumvue taratibu.